KAZI ZA MIKONO: Pini ya Pistoni Isiyotaka Kutoka



Juma hili nataka kujibu swali lililotoka Bendera, kule tambarare chini ya milima ya Upare, katika wilaya ya Same. Kijana mmoja wa huko anatunza mashine ya kusaga ya kikundi cha akina mama. Injini ya mashine hiyo ni ya dizeli, ya silinda moja. Imeanza kula oili na kutoa moshi wa buluu. Nguvu imepungua, na asubuhi yataka watu wawili kuzungusha mpini ndipo iwake. Akina mama wamechanga fedha, wakanunua pistoni mpya na ringi zake. Kijana amefungua kichwa cha injini, akatoa pistoni ya zamani pamoja na fimbo yake, na hapo kazi ikasimama. Pini inayounga pistoni na fimbo haitaki kutoka. Ameigonga, haikusogea. Sasa anauliza: Je, nichukue nyundo kubwa zaidi, au niweke pistoni juu ya moto wa mkaa?

Jibu langu ni hili: Usifanye hata moja la hayo mawili. Weka nyundo chini, ukateke maji. Sababu zake nitazieleza moja moja, maana shida hii si ya kijana huyu peke yake. Kila penye mashine ya kusaga, pampu ya kumwagilia mpunga, au pikipiki ya kuchukua abiria, iko siku pini itagoma.

Pini ni kitu gani?

Pistoni hupanda na kushuka ndani ya silinda kama mchi ndani ya kinu. Chini ya pistoni kuna fimbo, ambayo mafundi wengi huiita konrodi. Fimbo hii ndiyo inayopeleka nguvu ya pistoni kwenye mtaimbo unaozunguka, na mtaimbo ndio unaozungusha gurudumu kubwa na mkanda. Mahali pistoni inapoungana na fimbo ndipo ilipo pini. Ni kipande cha bomba nene cha chuma kigumu kiitwacho pua, kilichosuguliwa kikang'aa. Kazi yake ni kama ya kiwiko cha mkono: yaacha fimbo iyumbe huku na huku, lakini haiiachi iachane na pistoni.

Tazama jinsi pini inavyofanya kazi. Injini za Lister za aina ya CS, ambazo zilitengenezwa Dursley huko Uingereza hata mwaka 1987, na ambazo mfano wake hutengenezwa Rajkot nchini India, ni injini za mwendo wa pole. Ile ya nguvu za farasi 6 huzunguka mara 650 kwa dakika. Moto huwaka ndani ya silinda mara moja katika kila mizunguko miwili, yaani mara 325 kwa dakika. Ikisaga saa moja tu, pini imepokea mapigo 19,500. Na mapigo hayo yote hupita katika kipande cha chuma kinachotoshea kiganjani mwako. Si ajabu basi kwamba baada ya miaka mingi pini huzoea mahali pake ikakataa kuhama.

Kwa nini pini hugoma?

Ziko sababu nne ambazo huonekana mara kwa mara.

Ya kwanza ni oili iliyoungua. Oili ikikaa muda mrefu bila kubadilishwa, joto huigeuza kuwa gamba gumu la rangi ya kahawia au nyeusi. Gamba hili huganda kwenye mdomo wa tundu la pistoni, nje kidogo ya pini. Pini yenyewe huenda haijakwama kabisa, ila mbele yake pana kizingiti.

Ya pili ni ukingo uliovimba. Kila upande wa pini kuna klipu ndogo ya waya mgumu, iliyokaa katika mfereji wake kuizuia pini isitoke. Pini ikiipiga klipu siku zote, kingo za mfereji huo huinuka kidogo. Jicho halioni, lakini kucha huhisi.

Ya tatu ni kutu. Injini iliyoachwa bila kuwashwa tangu masika hata kiangazi huingiwa na unyevu.

Ya nne ni joto kupita kiasi. Injini ikikosa maji, au tundu la oili katika fimbo likiziba, pini hukosa mafuta, hujisugua na kushika.

Kosa nililolifanya mwenyewe

Kabla sijaeleza namna ya kufanya, yanipasa niseme jambo ambalo si la kujivunia. Nilipokuwa kijana nikijifunza kazi, mzee aliyenifundisha alisafiri siku mbili, akaniachia injini ya mama mmoja mjane. Pini yake ilikuwa ngumu. Nami nilitaka mzee akirudi akute kazi imekwisha, anisifu. Nikaiacha fimbo ikining'inia, nikaweka tindo juu ya pini, nikapiga kwa nyundo ya ratili nne. Baada ya mapigo mengi pini ilitoka. Pistoni ilipasuka ubavuni, lakini sikujali, kwa maana ilikuwa ya kutupwa. Nikafunga pistoni mpya, injini ikawaka, mzee akarudi akanisifu.

Baada ya miezi miwili yule mama akarudi na moshi ule ule. Mzee akafungua injini, akaitazama pistoni kwa muda mrefu. Ilikuwa imeng'aa upande mmoja kwa juu, na upande wa pili kwa chini. Akaniuliza, "Mwanangu, pini hii uliitoaje?"

Nikanyamaza.

Akasema, "Pistoni imekwisha kusema. Mimi nangoja wewe useme."

Ndipo nikasema yote. Nyundo yangu ilikuwa imepinda fimbo. Fimbo iliyopinda huisukuma pistoni ikae mshazari, nayo pistoni mshazari hula silinda. Hivyo fimbo, pistoni na silinda, vyote vikawa vya kununuliwa tena, na yule mama alikuwa amekopa fedha za pistoni ile ya kwanza. Mzee hakunipiga wala hakunifukuza. Alinichukua mpaka nyumbani kwa yule mama, nikapiga magoti, nikamwambia, "Shikamoo, mama. Kosa ni langu." Nikabeba magunia mashineni kwake miezi mitatu bila mshahara. Wakati wote huo wa matengenezo akina mama wa kijiji walitwanga kwa kinu, au walitembea na mizigo kichwani kwenda kijiji cha mbali. Kila nilipowaona wakipita nilijua ni nyundo yangu inayotembea.

Kwa hiyo, kijana wangu wa Bendera, najua utakalosema: pistoni hii ya zamani ni ya kutupwa, ikipasuka ipasuke. Kweli, pistoni ni ya kutupwa. Lakini fimbo si ya kutupwa. Fimbo itarudi ndani na kuibeba pistoni mpya ambayo akina mama wameitolea jasho. Unapoigonga pini, sehemu ya pigo huishia katika fimbo.

Kwanza itambue pistoni yako

Pistoni ni za namna mbili. Nyingi za siku hizi ni za alumini, nyepesi na nyeupe. Baadhi ya zile za injini za zamani ni za chuma cha kalibu, nzito na za kijivu. Masizi yakifunika rangi, tumia sumaku. Sumaku ya spika ya redio mbovu yatosha. Ikishika pistoni, hiyo ni chuma. Isiposhika, ni alumini.

Kwa nini jambo hili ni kubwa? Kwa sababu ya joto. Kila madini hupanuka yakipata moto, lakini hayapanuki sawa. Alumini hupanuka karibu mara mbili ya chuma. Tuseme pini ina unene wa milimita 25. Ukiitoa pistoni ya alumini katika joto la kawaida la digrii 25 ukaifikisha digrii 100, joto la maji yanayochemka, tundu lake hupanuka sehemu 4 za mia za milimita. Pini ya chuma iliyo ndani yake, hata ikipata joto lile lile, hupanuka sehemu 2 tu za mia. Hivyo panapatikana nafasi ya sehemu 2 za mia za milimita. Ni kama theluthi ya unene wa unywele wa kichwa chako. Ni nafasi ndogo, lakini mara nyingi yatosha kwa pini kuteleza ikisukumwa kwa kidole gumba.

Pistoni ya chuma cha kalibu haina faida hiyo, maana yenyewe na pini hupanuka karibu sawa. Maji ya moto yatalainisha gamba la oili, lakini hayatapanua tundu kuliko pini. Kwa pistoni ya namna hiyo tegemea zaidi kuloweka na chombo cha kuvutia nitakachokieleza hapa chini.

Watu wa Upare hawana haja ya kufundishwa na mgeni juu ya chuma na moto. Washana wa Ugweno, huko Upare Kaskazini, walikuwa wafua chuma wenye sifa zamani kabla reli haijafika. Mhunzi hashindani na chuma baridi. Huanza na mivuo, halafu ndipo huja nyundo. Kijana anayeanza na nyundo amesahau mivuo ya babu zake.

Hatua za kazi

1. Weka alama. Kwa msumari au rangi, weka alama upande wa pistoni unaotazama mbele, na upande wa fimbo vile vile. Fimbo lazima irudi kama ilivyokuwa.

2. Toa klipu mbili. Funika tundu kwa kitambaa, kwa maana klipu huruka kama panzi na yaweza kumpofusha mtu jicho. Zikitoka, zitupe. Usizirudishe kamwe.

3. Safisha mdomo wa tundu. Kwa ncha ya kisu kwangua gamba lote jeusi mpaka uone madini safi. Pitisha kucha kwenye ukingo wa mfereji wa klipu. Kama kucha inakwama, sugua pole pole kwa msasa laini uliozungushiwa kijiti, kisha ufute vumbi lote la chuma. Fanya hivi pande zote mbili, halafu chagua upande ulio safi zaidi kuwa mlango wa kutokea. Pini nyingi zinazosemwa kuwa zimekwama hutoka baada ya hatua hii peke yake.

4. Loweka. Changanya mafuta ya taa na oili safi, nusu kwa nusu, ulaze pistoni humo usiku kucha. Kama ni kutu, laza siku mbili. Weka mbali na jiko na mbali na watoto.

5. Osha kwa sabuni. Hatua hii usiiruke. Mafuta ya taa yakielea juu ya maji ya moto karibu na moto, yanaweza kulipuka na kukuunguza. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni mpaka harufu iishe, kisha ukaushe.

6. Chemsha. Fanya kazi hii nje ya nyumba. Tumia debe kuukuu, wala si sufuria ya mama ya kupikia. Zamisha pistoni na kichwa cha fimbo katika maji, na yakishachemka uache dakika 20. Uzuri wa maji ni kwamba hayapiti digrii 100, basi pistoni haiwezi kuungua. Moto wa mkaa hauna kiasi. Alumini haiwi nyekundu ikakuonya kama chuma. Huwa nyeupe vile vile mpaka inalegea, na kwenye digrii 660 huyeyuka. Wengi wameharibu pistoni nzima kwa namna hiyo.

7. Sukuma mara moja. Uwe umeandaa kila kitu kabla ya kutoa pistoni majini, maana joto halingoji. Vaa glavu nene au shika kwa gunia. Laza pistoni juu ya gogo lililochongwa bonde katikati, ili ikae imara, na mtu wa pili aishike fimbo isining'inie. Sukuma pini kwa kipande cha mti mgumu au cha shaba, chembamba kidogo kuliko pini. Ikiwa hukupata, chukua kitambaa kilicholowa maji baridi, kipenyeze katika tundu la pini yenyewe, kwa maana pini ni bomba. Pini itanywea kabla pistoni haijapoa. Sukuma tena.

Isipotoka mara ya kwanza, irudishe majini. Mara ya pili, mara ya tatu. Kuni za mara tatu ni rahisi kuliko fimbo moja.

Chombo cha kuvutia

Ikiwa maji hayakutosha, au pistoni yako ni ya chuma, tengeneza chombo hiki. Fundi yeyote wa baiskeli aweza kukusaidia kupata vifaa vyake.

Tafuta bolti ndefu ya milimita 12, yenye uzi hata karibu na kichwa, urefu wake upite upana wa pistoni kwa sentimita 12 au zaidi. Kwa pikipiki bolti ya milimita 8 yatosha. Tafuta washa ndogo: iwe pana kuliko tundu la pini, lakini nyembamba kuliko unene wa pini yenyewe, ili iweze kupita ndani ya tundu la pistoni. Tafuta kipande cha bomba ambacho pini yaweza kuingia ndani yake bila kugusa, kirefu kuliko pini. Kata ngozi au kipande cha tairi uweke kwenye mdomo wa bomba, usije ukakwaruza pistoni. Mwisho, washa pana na nati.

Sasa penyeza bolti katikati ya pini, kichwa chake pamoja na washa ndogo vikiwa upande mmoja. Upande wa pili vika bomba, likae juu ya ubavu wa pistoni kuzunguka tundu. Juu ya bomba weka washa pana, kisha nati. Tia oili kwenye uzi. Kaza nati kwa spana, pole pole. Bolti inavyovutwa, washa ndogo huisukuma pini, nayo pini huingia ndani ya bomba kama konokono anayerudi nyumbani kwake. Hapa hakuna pigo lolote, na fimbo haipati mzigo. Nguvu yote inabaki kati ya pini na pistoni, mahali inapotakiwa.

Ukiona spana imekuwa nzito mno, usiongeze bomba kwenye mkono wa spana. Chemsha tena, au loweka tena, ndipo ukaze. Na kama siku tatu zimepita bila pini kusogea, funga pistoni na fimbo katika gunia, panda gari uende kwa fundi mwenye presi, Same au Moshi. Kukubali kwamba kazi imekushinda si aibu. Aibu ni kumrudishia mwenye mali chuma kilichopinda na kunyamaza.

Pini ikishatoka

Usikimbilie kufunga. Pitisha kucha juu ya pini. Ikiwa ina ngazi mahali fimbo iliposhika, imelika. Ikiwa ina rangi ya buluu, imepata moto kupita kiasi, na yafaa uulize kwa nini. Pistoni mpya kwa kawaida huja na pini yake. Tumia mpya.

Tazama bushi ya shaba katika kichwa cha fimbo. Tia pini mpya ndani yake kwa oili: iteleze, lakini isiyumbe. Chungulia tundu la oili la fimbo uone kama linapitisha mwanga. Likiwa limeziba, huenda hapo ndipo ugonjwa wote ulipoanzia.

Kisha pima fimbo. Tia pini katika tundu dogo, na bomba nyofu linaloenea katika tundu kubwa. Pima kwa uangalifu umbali kati ya pini na bomba, upande wa kushoto na upande wa kulia. Ukiwa sawa, fimbo haijainama upande. Kisha zilaze zote juu ya mbao nne za unene mmoja, kwenye meza iliyonyooka: pini na bomba viguse mbao pande zote bila kucheza. Kikicheza kimoja, fimbo imejipinda. Kijana wa Bendera, wewe umekwisha kuigonga, kwa hiyo kipimo hiki ni lazima kwako. Kama imepinda, uwaambie akina mama leo, kabla pistoni mpya haijaingia.

Kuirudisha pini

Pasha moto pistoni mpya katika maji safi, uikaushe, upake pini oili. Pini itaingia kwa kidole. Tia klipu mpya, uzisikie zikikaa katika mifereji yake, na mdomo wa klipu uelekee juu au chini, usielekee ubavuni. Klipu ikichomoka, pini hutembea mpaka ukuta wa silinda na kuuchimba kama jembe. Kwa kifaa kisichozidi uzito wa sarafu, injini nzima hupotea.

Siku za kwanza usiipe mashine kazi nzito. Isage kidogo, ipumzike, na oili ibadilishwe mapema. Chungulia pia kisafisha hewa. Vumbi la kiangazi la tambarare ile ni msasa, nalo huenda ndilo lililokula ringi za kwanza.

Neno kwa wenye magari

Mambo haya niliyoyasema ni ya pini zenye klipu, kama za mashine nyingi za kusaga na za pikipiki. Lakini injini nyingi za magari ya petroli hazina klipu. Humo pini imebanwa kwa nguvu ndani ya fimbo yenyewe, nayo haitoki wala hairudi ila kwa presi na moto uliopimwa. Ukitazama ubavu wa pistoni usione klipu wala mfereji wake, acha hapo hapo. Hiyo si kazi ya nyumbani.

Mwisho

Mwaka 1955 Baba Mtakatifu Pio wa Kumi na Mbili aliiweka sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, tarehe 1 Mei. Injili haituelezi vitu alivyovitengeneza fundi yule wa Nazareti. Inatuambia tu kwamba alikuwa mtu mwenye haki. Kwa fundi, haki haiko Jumapili peke yake. Iko katika kipande cha chuma ambacho mwenye mali hawezi kukiona, ambacho fundi peke yake ndiye ajuaye kama kimenyooka au kimepinda.

Basi, kijana wangu, akina mama wa Bendera wamekukabidhi kinu chao. Chemsha maji, pima fimbo, sema kweli. Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka. Mashine ikianza kusaga tena, tuandikie.

Nawatakia nyote juma jema lenye amani.